Bastola mpya za umbo la zamani, tunazipima mahali si pake

Hakuna Jumamosi nimeenda renji, uwanja wa kulenga shabaha, pale Kirigiti nikakosa kusikia mtu akisema hizi bastola mpya za umbo la zamani ni bati tupu, eti za kitambo ndizo zilikuwa chuma. Anayesema hivyo mara nyingi ameshika mpya mkononi, ameinunua na pesa yake baada ya kungoja cheti cha kumiliki silaha miezi na miezi, ameitamani kwa picha miaka, na sasa imemkwama mara ya tatu kabla magazini ya pili, kile kibebeo cha risasi, iishe. Namuelewa kabisa, inauma. Lakini nimekaa na hayo maneno muda mrefu, nimesoma maoni ya wenye bastola kama hizo huko ng'ambo, nimefungua yangu na za marafiki mezani tukaziangalia kipande kwa kipande, na naona tunalaumu kitu ambacho hakina makosa tukiacha chenye makosa kikienda zake.

Nikisema umbo la zamani namaanisha zile za chuma kitupu zenye nyundo inayoonekana nyuma, 1911, Browning Hi-Power, Walther PPK, na Ceska 75 ambayo Wakenya wengi wanaijua kwa jina kwa sababu magazeti yetu kila siku yanaandika "bastola aina ya Ceska". Hizi za fremu ya plastiki siziongelei leo, hizo zina watu wake.

Tuanze na hii hadithi ya chuma cha zamani. 1911 ilipokelewa na jeshi la Marekani mwezi Machi mwaka huo huo wa 1911, baada ya majaribio ambapo ilipigwa risasi 6,000 bila kukwama, na ikabaki kuwa bastola yao rasmi mpaka 1985. Sasa watu wakisikia hivyo wanafikiria kila moja ilikaliwa na mzee fundi akiipiga tupa pole pole mpaka ikaingiana. Hapana. Wakati wa Vita vya Pili zilitengenezwa kwa wingi na kampuni ambazo kazi yao ilikuwa tofauti kabisa, Remington Rand walikuwa watu wa taipureta, na hata Singer, hiyo hiyo ya cherehani ambayo mama zetu wengi walishonea sare za shule, walitengeneza 500. Sheria ilikuwa moja, kipande kutoka kiwanda hiki lazima kiingie kwa bastola ya kiwanda kile bila kuguswa na tupa. Na ili hilo liwezekane ilibidi waache nafasi kati ya slaidi, kile kipande cha juu kinachorudi nyuma kila risasi, na fremu, mwili wa bastola wenye mshiko, ndiyo maana ukishika ile ya jeshi ukaitikisa inalia kama kiberiti chenye njiti. Ile kucheza ndiyo ilikuwa inaiwezesha kufanya kazi ikiwa na matope na mchanga, haikuwa ubovu.

Leo mtu akiingia dukani kitu cha kwanza anafanya ni kushika slaidi kwa vidole viwili na kuitikisa. Ikicheza anairudisha kwa kaunta. Viwanda vimeona hivyo, na mashine za siku hizi zinakata chuma kwa usahihi ambao 1940 haukuwepo, basi wakaanza kukaza. Bastola mpya ya bei ya kati inakuja imebana, slaidi inateleza kama droo mpya, mnunuzi anafurahi, halafu ndani ya kijitabu wameandika kwamba upige kwanza risasi 400 au 500 ndiyo izoee. Ukisoma maoni ya wenyewe huko Marekani utaona hii inachukuliwa kama jambo la kawaida, mtu anasema ilikwama mara 6 kwa ile mia ya kwanza halafu ikatulia, anaipa nyota tano, na hadanganyi, kwake hiyo ni wikendi mbili na kaboksi kachache.

Hapa ndipo naona maoni ya ng'ambo yanatupoteza, kwa sababu sisi hatuko hapo. Nairobi kila risasi unanunua kwa dila mwenye leseni, inaandikwa, na cheti chako kina kiasi. Risasi 500 si wikendi mbili, kwa watu wengi ninaowajua hiyo ni karibu mwaka mzima wa kwenda renji. Kwa hivyo mwenye bastola hapa anabeba kiunoni mwaka mzima kitu ambacho kiwanda chenyewe kimekubali kwamba bado hakijaiva, na wengi wetu hatukuomba cheti kwa ajili ya mashindano, tuliomba kwa sababu tunafunga duka saa tatu usiku tukiwa na mauzo ya siku nzima. Kwangu ile ruhusa ya "ipe risasi mia tano" haipaswi kukubaliwa Kenya hata kidogo. Ikishindwa na boksi mbili za kwanza, irudi kwa dila.

Kuna na mambo ya risasi yenyewe ambayo watu wanasahau. 1911 na Hi-Power za kwanza zilichorwa zikijua risasi ya kichwa cha mviringo ya kijeshi, ile njia ndogo ya mteremko inayoingiza risasi kwa chemba, nafasi ya risasi nyuma ya mtutu, ilikatwa kwa ajili ya hiyo. Ukiweka risasi yenye shimo mbele, kichwa kipana, inaweza kugonga mteremko ikasimama hapo. Hi-Power za miaka ya themanini na kuendelea zilibadilishwa sehemu hiyo. Sasa mtu ana Browning ya kitambo sana, anaiwekea risasi ya kisasa, inakwama, anasema imezeeka, mwingine ana mpya, anaiwekea ya mviringo, inaenda bila shida, anasema mpya ni moto. Wote wawili wameongea juu ya risasi wakidhani wameongea juu ya bastola.

Halafu chuma. Kila mtu anataka kusikia "imefuliwa", akisikia "imesubiwa" anakunja uso. Mimi nimekulia karibu na Kamukunji, usingizi wangu wa asubuhi ulikuwa ukiamshwa na nyundo za mafundi, najua tofauti ya chuma kilichopigwa na kilichomiminwa kwa kalibu, na najua pia sufuria ya kumiminwa vizuri inavyoshinda karai lililopigwa vibaya. Ushahidi mzuri uko kwa Hi-Power yenyewe. FN, kampuni ya Ubelgiji iliyokuwa ikiitengeneza, walipotaka kuifanya ya risasi ya .40 miaka ya tisini, ambayo inapiga kwa nguvu zaidi ya 9 mm, fremu yao ya kufuliwa haikuhimili. Walichofanya ni kuhamia fremu ya kusubu, iliyokuwa ngumu zaidi, na baadaye hata zile za 9 mm zikaipata. Yaani zile ambazo wengi wanazidharau, zilizoandikwa kwamba zimetengenezwa Belgium na kuunganishwa Portugal, fremu yake ina nguvu kuliko ile ya babu. Mng'aro hauna, rangi yake ni nyeusi ya kawaida, lakini nguvu ipo.

Kwa hivyo mimi sina shida na fremu mpya. Shida yangu iko kwa vipande vidogo, na hapa nitakaa kidogo.

Rafiki yangu mmoja, mwenye hadiwea, alinunua mpya ya umbo la Hi-Power, kampuni sitaitaja. Nzuri kwa macho, nyeusi ya kina, mshiko wa mbao wenye mistari, triga safi. Tukaenda Kirigiti asubuhi, baridi bado, nyasi ina umande. Magazini ya kwanza risasi ya nne ganda la risasi iliyopigwa halikutoka, slaidi imelibana limesimama wima mdomo juu. Akalitoa, akaendelea. Ya tisa tena. Halafu moja likaruka likamgonga paji la uso, karibu na miwani. Kufika risasi ya sitini alikuwa amekwama mara saba na ameshaanza kuishika vibaya kwa sababu anangoja ikwame. Watu wakaanza ile ya mkono wako ni laini, haushiki imara. Nikachukua mimi, ikakwama. Akachukua afisa wa renji, ikakwama.

Tukaifungua kwa meza, mtutu umetoka, slaidi pekee. Kuna jaribio dogo ambalo kila mwenye bastola anaweza kufanya, unachukua ganda tupu, unaliingiza chini ya ekstrakta, ile ndoano inayoshika ukingo wa ganda na kulivuta kutoka chemba, halafu unatikisa slaidi taratibu. Ganda linapaswa kushikiliwa pale. Lake lilianguka mezani kabla hata sijaanza kutikisa. Nikaangalia ndoano na kioo cha kukuzia, ukingo wake wa ndani ambao unapaswa kuwa mkali kama ukucha ulikuwa umezunguka, laini, na katikati yake ulipita mstari mwembamba ulionyooka, mstari wa kalibu, pale nusu mbili zilipokutana. Hakuna mtu aliyewahi kuupitishia tupa, kilitoka kwa kalibu kikaingia kwa slaidi moja kwa moja.

Vipande vingi vya namna hii siku hizi vinatengenezwa kwa chuma cha unga. Unga laini wa chuma unachanganywa na plastiki, unasukumwa kwa kalibu kama vile vifuniko vya chupa vinavyotengenezwa, plastiki inaondolewa, halafu kinachobaki kinachomwa kwa joto kali mpaka chembe zishikane. Kikitoka hapo kimenywea kama asilimia 15 hadi 20 kila upande. Si njia mbaya. Inatumika kwa magari na kwa vyombo vya hospitali, na kwa kipande kama kitufe cha magazini au kile kitufe cha usalama sioni sababu ya mtu kulalamika. Lakini inadai uangalifu, moto usipokuwa wa kutosha kipande kinabaki na vishimo ndani, na hakuna macho yatakayoviona. Na kwa 1911, ambayo ekstrakta yake ya asili ni ukanda mrefu wa chuma cha springi unaokaa ndani ya slaidi na kufanya kazi kwa kupinda kidogo kila risasi, hapo kipande cha unga ni makosa, kile kinahitaji chuma kinachopinda na kurudi. Hi-Power iliachana na mpangilio huo tangu 1962, ikaweka ekstrakta ya nje yenye springi yake, ndiyo maana inasamehe kidogo, lakini ukingo wa ndoano ukiwa butu hakuna springi itakayokuokoa.

Kwa hivyo maoni yangu ni kwamba wanaosema mpya ni mbovu wameona kweli ila wameelekeza kidole kwa fremu. Kilichopungua ni zile dakika kumi za mwisho, mtu wa kiwandani kukaa na tupa na ganda tupu na kujaribu. Dakika hizo ndizo zilizokatwa ili bei ishuke, na mng'aro ukaachwa kwa sababu ndio unaouza.

Na naona zile ambazo uzalishaji wake haukuwahi kukatika ndizo zina malalamiko machache. Ceska 75 imetoka kiwanda cha Uherský Brod tangu miaka ya sabini mpaka leo, imebadilishwa hapa na pale, imeongezewa kizuizi cha pini ya kufyatulia, lakini fundi wa leo alifundishwa na fundi aliyefundishwa na wale wa kwanza. Beretta 92 vivyo hivyo. Hi-Power kwa upande mwingine FN waliisimamisha karibu 2018, baada ya miaka zaidi ya themanini tangu 1935, na pengo lilipofunguka wengine wakaingia. Springfield Armory wakatoa SA-35 mwishoni mwa 2021, Girsan wa Uturuki wakaleta MCP35, na FN wenyewe wakarudi 2022 na bastola waliyoiita High Power lakini ndani ni nyingine kabisa, inabeba 17 badala ya 13 na vipande vya zamani haviingii. Watu walikasirikia FN kwa hilo, mimi naona walikuwa wakweli, walijua kwamba kutengeneza ile ya zamani vizuri leo kunahitaji mikono ambayo ni ghali. Wale waliochagua kuifufua kama ilivyokuwa ilibidi wajifunze upya makosa ambayo FN walishayamaliza kitambo, na wanunuzi wa kwanza ndio waliobeba gharama ya hayo masomo.

Nisiwe kama nasifia tu kitambo. Mzee mmoja tunayemheshimu sana pale renji ana Browning aliyonunua 1986, rangi imekwisha kwa pembe zote, inang'aa kama sarafu ya zamani. Alinipa siku moja nipige. "Shika kijana, lakini angalia kidole gumba chako na hiyo nyundo," akaniambia. Sikuangalia vizuri, ikaniuma ile nyama kati ya gumba na kidole cha shahada, alama ilikaa wiki. Triga yake inakwaruza kama unavuta kitu juu ya mchanga, na hiyo si uzee, ilizaliwa hivyo, kwa sababu ndani kuna kile kizuizi kinachozuia isifyatuke magazini ikiwa imetoka, na kizuizi hicho kinasugua magazini kila ukivuta. Shabaha zake, zile alama za kulengea juu ya slaidi, ni ndogo kiasi kwamba jioni huzioni. SA-35 imeondoa kile kizuizi, ikafupisha nyundo isiume, ikaweka shabaha zinazoonekana, inabeba 15, na fremu na slaidi zimefuliwa. Nikimwambia mtu kwamba ile ya mzee ni bora nitakuwa namdanganya. Ila ile ya mzee sijawahi kuiona ikikwama. Ingawa na hapo pia tuwe waangalifu, tunaziona zile zilizopona. Mbovu za 1986 zilishavunjwa au ziko stoo ya mtu, hakuna anayezileta Kirigiti kutuonyesha.

Jambo ambalo linaniuma zaidi ni la baada ya kununua. Mwamerika ekstrakta yake ikiwa butu anaagiza nyingine kwa posta, anaibadilisha jikoni, au anairudisha kiwandani na wanalipa usafiri. Sisi hii si gari upeleke Grogan. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inataka ukarabati ufanywe na dila aliyesajiliwa, na sawa kabisa, sitaki silaha za watu zikizunguka kwa mafundi wa vichochoroni. Na tangu watu walipopigwa msasa upya kuanzia Desemba 2018 hakuna mwenye cheti anayetaka kujibu maswali juu ya bastola yake ilikuwa wapi. Lakini matokeo yake ni kwamba kipande chenye ukubwa wa kijiti cha kiberiti kinaweza kufanya bastola ikae kwa sefu ya dila miezi. Ya rafiki yangu ilikaa saba. Miezi saba analipia cheti cha kitu ambacho hana.

Hata matangazo ya kurudisha hayatufikii. Februari 2009 Smith & Wesson, waliokuwa wakitengeneza PPK huko Marekani kwa makubaliano na Walther, waliita zirudishwe PPK na PPK/S zote walizotengeneza tangu 2002, kwa sababu kulikuwa na hatari risasi itoke wakati nyundo inateremshwa, bila triga kuguswa. Kitu kizito hivyo. Mwenye kuinunua huko alitumiwa taarifa. Mwenye kuipata hapa, pengine imepita mikono miwili, nani angemwambia? Ukiwa na moja ya miaka hiyo tafadhali iangalie namba yake leo, usingoje kesho, na mpaka ujue usiteremshe nyundo ikiwa na risasi chemba.

Kwa hivyo siku hizi nikimsindikiza mtu dukani sitikisi slaidi. Nauliza kama naweza kujaribu ganda tupu chini ya ekstrakta, dila mzuri hakatai. Natazama mdomo wa magazini kama pande zake mbili zinalingana, maana kukwama kwingi kwa 1911 huanzia hapo. Nauliza risasi gani iliyopo kwa wingi, na jibu huwa ni 9 mm, kwa hivyo yule anayetaka .45, risasi ya asili ya 1911, kwa sababu ya mapenzi namwambia ukweli kabla hajalipa. Halafu nauliza swali moja la mwisho.

Mwezi jana nilimpeleka shemeji yangu, cheti chake kimetoka, ametamani 1911 tangu akiwa chuo. Zilikuwa mbili kwa kioo, moja ya Kituruki inang'aa kama kiatu cha harusi, na pembeni Ceska 75 ya kawaida, nyeusi, mshiko wa plastiki. Nikamuuliza dila, mama mmoja mtulivu, "Mama, una ekstrakta ya hii hapa dukani?" nikionyesha ile ya kung'aa. Akasema hiyo wataagiza. Nikaonyesha Ceska. Akainama, akafungua droo ya chini, akatoa mfuko wa plastiki wenye vijekstrakta vitatu na springi zake, akauweka juu ya kioo. Shemeji akauangalia ule mfuko muda mrefu, halafu akamwomba amshikishe ile nyeusi.